Ratili Mia na Hamsini

Kwenye fremu ya mlango, upande wa dereva,
kuna kibandiko cha tarakimu ambazo baba hakuzisoma.
Gari hujua lenyewe, alisema,
kama farasi ajuavyo daraja bovu.

Mimi husoma.
Jana usiku nilisoma kwa tochi, Kolby akiandika
nyuma ya risiti ya majani makavu:
tela tupu, elfu tatu na mia nne;
Klementina, elfu moja mia moja na hamsini;
mwanawe Sajenti, aliyekonda tangu Februari,
elfu moja na arobaini;
maji, matandiko, marobota mawili: mia nne.
Pikapu yaruhusiwa kuvuta elfu saba.
"Tumebakiwa na elfu nzima na kumi, shangazi."
Tukalala kama watu wasiodaiwa.

Leo, chini ya Milima ya Bull, njia ya kwenda Billings,
theluji ingali mitaroni,
afisa Wendell Yost ametandaza mizani yake juu ya lami,
sahani nyembamba kama masinia.
Anapunga mkono. Magurudumu yanapanda, moja moja.
Nyuma yetu Klementina anapiga kwato ubao, mara mbili,
kama mtu anayebisha hodi benki.

"Tela ni halali," asema Yost.
"Pikapu ndiyo siyo."

Namwonyesha risiti. Anaisoma yote, kwa adabu,
pua yake nyekundu kwa upepo.
"Umehesabu unachovuta, mama.
Hukuhesabu unachobeba."

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa.
Ulimi wa tela ni chuma kitupu,
umelalia kiuno cha pikapu
kwa ratili mia saba na kumi,
na hizo, mbele ya sheria, ni za pikapu.
Nami na koti langu. Na Kolby na buti zake.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila hakuna akuambiaye siku kinapofurika.
Kilifurika kwa mia na hamsini.

Yost ainua turubai.
"Na hii?"

Fuawe.
Ratili mia na sabini na mbili, ukiacha nyundo.
Baba alivalisha farasi viatu juu yake miaka arobaini,
na tangu tumzike Oktoba
hakuna aliyethubutu kuishusha.
Huenda nami dukani. Huenda kanisani.
Ilikwenda nami kung'oa jino.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa;
Yost hakusema hivyo. Alivua kofia.
Lakini mizani haiendi matangani,
haimpi mtu pole, haimpunguzii.
Akanieleza habari ya mteremko mmoja, mwaka juzi,
tela ilivyolisukuma gari lililopaswa kuivuta.
"Nilishika hatamu ya yule aliyebaki," alisema,
kisha akatazama upande wa ng'ambo, muda mrefu.

Tuliishusha watu watatu,
tukaiweka penye lango la kina Dahlman, juu ya ubao,
na Yost akabandika utepe, akaandika kwa kalamu nene:
YA BERGUM. ITAFUATWA.
Vidole vyangu vilinuka chuma na moshi wa zamani.
Ndani ya tela, Sajenti alibadilisha mguu;
bado amevaa vile viatu, jozi za mwisho.

Tukapimwa tena. Halali,
na ishirini na mbili za ziada.
"Tutie nini?" Kolby akauliza.
Usitie kitu, nikamwambia. Funga mlango.

Giza lilitukuta kabla ya Billings.
Niliwasha taa, na taa,
ambazo majira yote ya baridi zilimulika matawi,
bundi, nyaya za simu,
zilikuwa zimeshuka,
zimeiona barabara.