Zamu ya Maji

Saa nne usiku, Pasua.
Mbwa wa Mzee Kiwera wamefunguliwa,
nami nimetoka zamu, miguu imevimba,
harufu ya spiriti bado viganjani.
Naiweka kompyuta juu ya meza ya chakula
kati ya chupa ya chai na daftari la hesabu la Elinami.
Bando la usiku limeingia. Luku, yuniti tatu.
Nina miaka arobaini na saba. Ni mwanafunzi.

Kwenye fomu waliuliza: sababu ya kusoma?
Nikajaza maneno makubwa, yaliyovaa suti.
Ukweli ni kwamba kwa miaka ishirini na miwili
nimepokea watoto wa watu kwa mikono hii,
kila mmoja nikamwandika kwenye rejesta,
na sijamwona mtu akiisoma rejesta ile.

Tuko wanne.
Bikombo wa Chake Chake, aandikaye kama ashonaye, haachi uzi;
Sichalwe wa Sumbawanga, kijana wa takwimu;
Kokushubira wa Muleba, ambaye huchelewa.
Sijamshika mkono hata mmoja wao.
Nawajua kwa rangi: kijani, bluu, zambarau,
na mimi chungwa, kijistari kinachopepesa
kama jicho la mtu anayepigana na usingizi.

Wiki ya pili, aya yangu ilifutwa.
Aya niliyoihangaikia siku tatu!
Sichalwe, bila hodi, kafyeka yote,
kabakiza sentensi moja, na pembeni kaandika:
"Hapa ndipo ulipokuwa unakwenda."
Nikafunga kompyuta kwa kishindo.
Nikaosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.
Mkunga mzima mimi! Huyu kafundwa na nani?
Elinami akacheka chumbani:
"Mama, si ulisema ni kazi ya kikundi?"

Kazi ya kikundi.
Kule Kidia baba hakuiita hivyo.
Pembe ililia alfajiri, msaragambo,
kila mji utoe jembe, mfongo umeziba.
Wa juu alizibua kwa ajili ya wa chini asiyemwona.
Baba na Ndetaulwa walikuwa na kesi ya mpaka,
miaka tisa hawakusalimiana;
siku ya mfongo walichimba bega kwa bega,
wamenuniana,
na maji yakapita hivyo hivyo.

Nikaifungua tena. Nikaisoma ile sentensi.
Ilikuwa yangu.
Ilikuwa imesimama peke yake, wima,
sikujua kama naweza kuandika hivyo.
Nikamjibu: "Sawa. Lakini mrudishe yule mama wa Rau,
aliyejifungulia njiani. Yeye si mapambo."
Akamrudisha. Akauliza jina lake.

Sisemi tulikuwa malaika.
Kokushubira alipopotea wiki tatu tulimteta,
mimi nikiwa mbele,
kumbe yuko hospitali, anamlaza baba yake mara ya mwisho.
Sehemu yake tuliiandika usiku mmoja, kimya kimya,
na kuna neno nililomsema ambalo halifutiki kwa kitufe.

Siku ya kuwasilisha, umeme ukakatika.
Simu, asilimia nne.
Nikamsikia Bikombo akizisoma kurasa zangu
kwa lafudhi ya Pemba, Kiboriloni ikamtatiza ulimi,
akairudia mara mbili, hakuiruka.
Mhadhiri akauliza: "Hapa nani ameandika?"
"Aliyeandika yuko gizani, Moshi," akajibu.
Nami gizani nikaitika "Naam,"
ingawa kipaza sauti changu kilikuwa kimezimwa.

Usiku huu tumeanza kazi nyingine.
Zambarau imerudi, inaandika polepole.
Naisubiri imalize, ndipo niingie.

Kwenye daftari, Elinami kaacha alama ya penseli:
swali la nne, mama, nisaidie.
Nalitazama. Silijui.
Zamani ningesema nimechoka, kalale.
Nalipiga picha,
namtumia Sichalwe.