Chumba Kisicho na Dirisha

Dalali alitandaza ramani juu ya boneti ya gari lake,
Ghubra, saa sita mchana, lami ikinata viatuni,
akaweka funguo pembe moja, simu pembe ya pili,
upepo wa moto usitubebee nyumba kabla hatujaiona.

"Sebule hii. Hapa jiko. Vyumba viwili vya kulala.
Na hiki," akakigonga kwa kucha, "sikuhesabii:
cha mtumishi. Mkimkosa mtumishi, stoo."

Mita moja na nusu kila upande.
Nilikijua kabla sijakiona.

Tulihamia Ijumaa. Mundhir na futi kamba yake
akipima kuta kama fundi cherehani ampimaye bwana harusi.
"Kochi la shangazi haliingii."
"Litaingia."
Halikuingia.
Lilikaa koridoni siku tatu,
majirani wakilikalia wakingoja lifti,
likapata heshima ambayo kwetu halikuwahi kuipata.

Nyumba finyu ina adabu zake:
kila kitu kijue zamu yake.
Meza hukunjwa ukutani sahani zikishaoshwa.
Milango ya kabati tuliing'oa, tukatia pazia,
maana mlango ukifunguka hula nafasi ya mtu mzima.
Masufuria yanapakatana, kubwa limebeba dogo,
kama ndugu kwenye picha ya Idi.
Kitanda cha Ruqaya kina droo nne tumboni:
sare, blanketi za Januari, vitabu,
na moja anaifunga kwa ufunguo.
Miaka tisa. Siri gani?
Mbuzi ya kukunia nazi nimeitundika nyuma ya mlango wa jiko;
mlinzi aliposikia nimeingia na mbuzi
alipanda ngazi mbio, sheria za jengo mkononi.

Kile chumba nilikiacha mwisho.
Mundhir alishakinunulia rafu za chuma:
masanduku ya safari juu,
mchele chini,
feni mbovu katikati ikingoja fundi asiyekuja.
"Hiki ndicho kinachotuokoa," alisema. "Kinameza kila kitu."

Kinameza, ndiyo.
Kilimmeza mama miaka kumi na mmoja,
Al-Khuwair, nyumba ya watu,
masanduku ya watu yakimning'inia usoni.
Alituandikia Tanga: *Nina chumba changu, peke yangu.*
Nasi tukatamba shuleni. Chake! Peke yake!
Sisi watano, godoro moja.
Picha alizotuma, zote
amesimama kwenye roshani ya wenyewe.

Usiku ule, Mundhir amelala,
niliingia nikafunga mlango,
nikajilaza sakafuni bila kuwasha taa.
Utosi ukutani, nyayo ukutani,
na magoti bado yamepinda.
Mama ni mrefu kuliko mimi.

Asubuhi nilisema kitanda chetu kinyanyuliwe,
tofali mbili kila mguu,
masanduku yaingie chini yake.
"Kwa nini, na nafasi tunayo?"
Sikumjibu. Alinitazama,
akaenda kutafuta matofali.

Mama alikuja mwezi wa pili, baridi ikiwa tamu.
Tulimpa chumba cha Ruqaya, kitanda karibu na dirisha;
Ruqaya akahamia kwetu na ufunguo wake shingoni.
Alizunguka nyumba polepole, akagusa pazia za kabati,
akakunja meza, akaikunjua, akacheka.
Kisha akafungua mlango ule.

Viatu. Pasi. Ndoo. Rafu tupu, zote kushoto.

Alisimama humo kitambo, kiganja ukutani,
kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani.
Nilikuwa nimeyaandaa maneno.

"Nani kaziweka rafu huku?" akauliza.
"Zihamisheni kulia.
Ukuta wa kushoto hutoka jasho usiku
kiyoyozi cha upande wa pili kikiwaka.
Nguo zitaota ukungu."