Mizani Mbili

Mizani yangu ya kwanza naipenda.
Imening'inia buchani kwangu, Kiboriloni,
na kwa miaka kumi na tisa haijanigombeza.
Nikiweka paja, inasema paja.
Nikiegesha kidole gumba, kidogo tu, pembeni,
inanyamaza, kama mke anayejua.

Mizani ya pili iko hospitali ya Mawenzi, nyuma ya pazia la kijani.
Siku ile ya Machi ililia chini ya miguu yangu.
"Mia moja na kumi na saba," nesi akaandika
bila kuinua uso.
Sukari kumi na sita. Presha akaipima mara mbili,
kisha akamwita mwenzake aje aone.
"Baba, unakula nini?"
Nikacheka. Muulize samaki anakunywa nini.

Kwetu Uru kitambi hakikuwa ugonjwa.
Kilikuwa risiti.
Watu walikisoma wakajua biashara inakwenda,
wakakisalimia kabla yangu.
Asubuhi supu ya makongoro, mchana mchemsho,
jioni mishikaki na wenzangu wa machinjioni,
Jumamosi kisusio, na mbege ya kukisindikiza.
Pete ya ndoa ilizama kidoleni.
Aikande aliijaribu kwa sabuni, kwa mafuta,
tukaiacha humo,
waya wa uzio uliomezwa na mti.

Daktari alinipa vidonge na sentensi moja:
"Kula alivyokula bibi yako."
Bibi Ndelilio! Nyama aliila kwa kalenda:
Krismasi, Pasaka, msiba.
Na alipanda kilima na mzigo wa majani ya ng'ombe
mwaka aliotimiza themanini.

Basi Aikande akafukua vya zamani.
Kiburu, maharage yakivunjikia ndani ya mshare.
Magimbi. Uji wa ulezi usio na sukari.
Mnafu, mchungu kama deni.
Wiki ya kwanza niliota mbavu, nikaamka nimeuma mto.
Wiki ya tatu nikauchukia mgomba na ukoo wake wote.
Mchana nilikata nyama za watu,
mate nikiyameza,
mwizi aliyeajiriwa kulinda duka.

Suruali ndiyo iliyotangulia kunitangaza.
"Temu anakwisha," wakasema stendi.
"Amekanyaga waya," wakasema kwa sauti ya chini
ambayo hapa Moshi husikika mpaka Himo.
Mama Nsia, mteja wangu tangu siku ya kwanza, akauliza:
"Muuza nyama asiyeila nyama yake
anajua nini tusichokijua?"
Mauzo nayo yakaanza kukonda,
bila hata kuambiwa na daktari.

Desemba, ukoo ukarudi kutoka Dar na Mwanza.
Baba mdogo Kirenga akakata kidari, akaninyooshea.
Mzaliwa wa kwanza asipopokea, nani apokee?
Nilipokea, kwa mikono miwili, mila inavyotaka,
nikampa mtoto wa dada aliyekuwa akinyemelea moshi.
Baba mdogo akafuta kisu.
Mpaka leo salamu yake ni fupi.

Kesho yake niliteremka kihambani, peke yangu.
Mfongo ulikuwa umejaa, na ng'ambo palikuwa na mnafu mchanga.
Sikupanga. Niliruka.
Mguu ukafika.
Nikageuka nikaruka tena, mtu wa miaka hamsini na miwili,
kisha nikatazama huku na huku.
Migomba tu.

Themanini na tisa. Sukari sita na nusu.
Safari hii nesi aliinua uso,
akauliza kama mimi ni yule yule.

Bucha bado ipo; sijawa mtakatifu.
Ila kidole gumba nacho kimekonda,
hakina tena uzito wa kudanganya.
Na pete ilianguka yenyewe, ndani ya chungu cha maharage,
tukaisaka kwa mwiko, tukicheka hadi jirani akabisha hodi.
Sasa nimeizungushia uzi mweusi isitoke.
Ukichakaa, Aikande hukata mwingine,
huulamba ncha,
na kuanza kuzungusha upya.