Dunia ya Pili

Mwaka wa kwanza walinipa kopo na daftari.
Saa tatu kila asubuhi, hata siku ya Krismasi,
nilichungulia mvua ya Nakuru imelala mle chini,
nikaandika: sifuri nukta nne. Sifuri. Sifuri.
Obiero, aliyenitangulia, alinionya:
"Usiikate nukta ili ipendeze.
Mvua haina haja na heshima yako."

Miaka thelathini na mmoja.
Kopo likazaa mashine, mashine ikazaa dunia mbili:
moja hii yetu, na moshi wake wote;
nyingine ina milima ileile, Menengai ileile,
ila hakuna aliyechoma makaa ya mawe,
hakuna aliyechimba mafuta.
Kazi yangu ni kutoa ya pili kwenye ya kwanza.
Kinachobaki ni sisi.

Nimeyasema haya kwenye kumbi zenye zulia.
Wajumbe waliuliza kama kutakuwa na chai.

Kisha ziwa likapanda.
Likameza lango la mbuga,
migunga ikafa imesimama, maji kiunoni,
heroe wakahama bila kuaga,
na kule Mwariki bafu la Mama Gathigia
likaanza kujiogesha lenyewe.
Alinijia na hati ya ploti ndani ya nailoni.
"Wewe ndiwe ujuaye. Nipe jina.
Niende nalo kwa chifu."

Nilitaka kumpa.
Joto, naam, joto naliapia,
alama za vidole vyetu zimelijaa.
Lakini ziwa hili lilipanda na kushuka
kabla ya reli, kabla ya jina lake.
Mvua, udongo wa Mau uliovuliwa miti,
nyufa zinazopitisha maji huko chini tusikoona...
Bado nahesabu, Mama. Sehemu yetu ipo.
Kiasi gani, sijui.

"Bado," akasema. "Hilo ndilo jina?"
Akaikunja nailoni yake mara nne.

Usiku naifungua dunia ya pili,
natembea ndani yake peku.
Sijui kama bafu lake limesimama huko;
mashine haioni bafu,
mraba wake mmoja unameza kaunti nzima.
Najua tu kwamba alfajiri ya huko ina baridi kidogo zaidi,
na yupo mwanamke mwenye kopo na daftari
anayeandika mvua kwa ajili ya wenye mahindi,
halafu anafunga mlango, anaenda kunywa uji.
Hana neno la kuitia kazi yangu.