Kifungo

Sista Luvanda aliniomba kifungo kimoja cha koti,
bapa, kisicho na ncha, ukubwa wa shilingi mia mbili,
na uzi usiokatika.
Nikacheka. Nina debe zima, nikamwambia,
mimi ni fundi cherehani, Tukuyu,
baraza ya pili kutoka kwa muuza mbolea.
Yeye hakucheka. Alikiosha kwa maji ya moto,
akakiweka nyuma ya midomo ya mwanangu, mbele ya meno,
akavuta uzi polepole:
"Kishike, Tusekile. Kishike kwa midomo. Usinipe."
Kikatoka bila ubishi,
kama kinavyotoka kwenye tundu lililochakaa.

Miaka sita mdomo wake ulikuwa wazi,
mfuko ambao fundi aliuacha nusu akaenda kula.
Udenda ulilowesha kola.
Nilimshonea vitambaa vya kifuani, nikavitarizi maua
ili watu watazame maua.
Bibi yake alisema, ataacha akikua.
Jirani alisema mengine, akafunga mlango.
Na huku kwetu mvua inanyesha kwa mazoea,
vitambaa kumi na viwili kwenye kamba
na hakuna hata kimoja kikavu.

Kifungo. Neno lenyewe lilinikaa vibaya.
Mjomba wangu alikula kifungo cha miaka miwili
akarudi hana maneno.
Mtoto wangu amekosa nini, niliwaza,
hata nimfunge mdomo kila jioni kwa uzi wa dukani kwangu?

"Ulimi ni msuli," Sista alisema,
"kama mguu. Mguu usiotembezwa husahau njia."
Akampaka tone la asali juu ya mdomo:
ulimi ukatoka, ukatafuta, ukarudi bure.
Akamfundisha kugonga ulimi kwenye paa la kinywa,
ko, ko, ko, punda anapanda Isongole.
Punda wetu alisimama njiani wiki tatu.
Akampa unyoya wa kuku aupulize uvuke meza.
Unyoya ulitikisika. Ulikuwa upepo wa dirishani.

Nilikuwa sijui kuna herufi
zinazozaliwa pale tu midomo miwili inapogusana.
Nilizijua kwa kuzikosa.
Baba, hakuna. Maji, hakuna. Parachichi, hakuna.
Hata Mbeya, tunakokwenda kila Jumanne,
sharti ufunge mdomo kwanza ndipo uutaje mji.
Yeye aliuita Eya.
Usiku mmoja, nikipinda suruali ya mwalimu,
nikalitamka jina lake herufi kwa herufi:
Tu-se-ki-le.
Hakuna mahali midomo inapokutana.
Tulimpa jina la kicheko, na bila kujua
tukampa jina analoweza kulitamka.
Sindano ilinichoma. Sikumwambia mtu.

Basi tukavuta. Kila jioni, mara kumi, kabla ya uji,
na uji wenyewe kwa mrija.
Navuta, anaachia. Navuta, anaachia.
Mwezi wa nne nikavuta, uzi ukakaza.
Kidevu kikakunjamana kama kitambaa kilichoshonwa vibaya,
macho yakanitumbulia: hukipati.
Kwa ukaidi wa kurithi kwa mama yake
alikishika hadi tatu, akatema, akataka tena.

Siku nyingine hataki. Siku nyingine mimi sitaki,
nguo za sare zimerundikana na shule zinafunguliwa Jumatatu.
Mate yamepungua, hayajaisha.
Sista anasema mwaka, labda zaidi,
na mimi sipendi neno labda.

Jana umeme ulikatika.
Nikawasha mshumaa, nikausogeza karibu na mashine
nimalizie shati la kwaya, kifungo cha mwisho.
Tusekile alikuja akasimama upande wa pili wa mwali,
mashavu yamejaa.
Fu.
Giza.
Na gizani kicheko chake, kikubwa, chenye mate,
siwezi kuona kimepinda upande gani.
Kiberiti kilikuwa mkononi.
Sikukiwasha.