Benchi la Nyuma

Alishuka basi la alfajiri, katibu wa pili wa ubalozi,
Ilze Vanaga, viatu vimejaa theluji,
akaonyesha kitambulisho mlangoni, ngazini, mlangoni tena,
akaketi benchi la nyuma.
Hakuja na jeshi. Alikuja na daftari
na kalamu mbili, moja ya akiba,
maana Kara-Bulun wino huganda.

Ndani ya kizimba cha kioo, Aijarkyn, mwalimu wa hesabu.
Alihesabu kura za kituo cha shule yake
akaandika jumla ubaoni, kwa chaki.
Haikulingana na jumla ya redioni.

Siku ya kwanza hakimu hakumwona mgeni.
Siku ya tatu alimwona, akafunga jalada, akalifungua.
Siku ya tano shahidi alipochungulia kiganja chake
kilichoandikwa ushahidi,
hakimu alikohoa:
"Sema unachokumbuka."
Shahidi hakukumbuka kitu.

Wizarani kulikuwa na chai, na zabibu kavu kwenye sahani ya bluu.
"Haya ni mambo ya ndani," alisema naibu waziri.
"Naam," alisema Ilze, "na mwalimu ndiko aliko."
"Kwenu hakuna magereza?"
"Yapo. Na mahakama zetu zina benchi la nyuma. Njooni mketi."
Naibu waziri alikoroga chai isiyo na sukari,
akakoroga.

Usiku aliandika ripoti. *Dhuluma*, aliandika.
Mkubwa wake akalikata neno, akaweka *wasiwasi*.
Aligombana naye kwa simu nusu saa
kwa ajili ya neno moja,
akashindwa,
na asubuhi akapanda basi lile lile.

Wahenga walisema mgeni aje, mwenyeji apone.
Hawakusema apone baada ya siku ngapi.
Mama yake Aijarkyn alimpa nusu ya mkate, ungali na moto,
hakusema asante; aliuliza tu:
"Kesho unakuja?"

Hukumu ilisomwa haraka, kwa sauti ya mtu anayechelewa treni.
Mwendesha mashtaka aliomba miaka minane.
Ikatoka miwili.
Hakuna aliyepiga makofi. Miwili si sifuri.

Askari walipokuja kumchukua, Aijarkyn
aliinama, akapuliza pumzi kwenye kioo,
na juu ya ukungu, kwa kidole kilichozoea chaki,
akaandika 2,
halafu alama ya kutoa,
halafu akaacha nafasi.

Ilze alifungua ukurasa mpya.
Rufaa, mwezi wa nne.