Mizizi Mitano

Umeme ulikatika Longuo saa mbili usiku,
mtihani Jumatano.
"Kaa chini hapa," akasema Aikande,
"katikati ya magoti yangu. Lete chanuo."

Ndiye msusi wa bweni letu:
twende kilioni elfu tatu, rasta elfu kumi na chai.
Ada ya muhula wa pili imepitia vidoleni mwake.
Ndiye pia aliyebeba sapu ya anatomia,
mwaka huu anaurudia pamoja nasi.

Akagawa nywele za kisogoni mafungu matano.
"Hii mizizi. Inatoka shingoni.
Usikariri. Sikiliza inavyovuta."
Miwili ya juu akaiunga: kigogo.
Wa kati akauacha peke yake,
kama mgeni ambaye ukoo wake haujaulizwa.
Miwili ya chini, kigogo kingine.
Kisha kila kigogo akakipasua, mbele na nyuma,
za nyuma zote tatu akazisokota kamba moja,
akavuta hadi machozi yakanilenga.

"Hapa ndipo nilipopotea.
Profesa alipita mbio, yeye hajawahi kupotea hapa.
Aliyevuka kwa daraja hajui kina.
Mimi nililowa."

"Na mshipa wa kwapa, unatoka kamba ipi?"
Akanyamaza. Kidole kikatembea kichwani mwangu,
kikarudi.
"Ya nyuma. Ngoja... ndiyo, ya nyuma."
Tukawasha simu kuhakikisha,
chaji asilimia nne.

Ijumaa nikazifumua.

Miaka miwili baadaye, wodi ya upasuaji:
kijana wa bodaboda, utelezi wa njia ya Kibosho
umemtupa kwa bega.
Mkono wa kulia unaning'inia,
kiganja kimegeukia nyuma
kama cha mtu anayepokea bahasha asionekane.
"Pameumia wapi?" Daktari akatutazama mmoja mmoja.
Macho yote sakafuni.
Nikajikuna kisogo.
Nywele hazipo, nimenyoa tangu Pasaka,
lakini ngozi ikavutika palepale, juu,
mafungu mawili ya kwanza.
"Kigogo cha juu."
"Nani kakufundisha?"
Nilitaka kusema: msusi wangu.

Kijana akainua uso.
"Dada, nitashika tena usukani?"

Hilo sikusukwa.